Sarafu ya Lifti

Jumanne ya pili ya mwezi nashuka metro ya Didube,
kishikwambi kwapani, theluji imeshageuka tope,
na kapu nililopewa nilibebe halina kitu ndani.
Kapu la mlaji, ndivyo wanavyoliita ofisini.
Wenzangu wa bidhaa wana raha zao: kilo ni kilo,
yai ni yai, likisinyaa utaliona.
Mimi nimegawiwa huduma.
Kunyoa. Kufua. Kung'oa jino. Kuzika.

Kwa Nugzar kinyozi: kichwa cha mwanamume, bila ndevu,
lari kumi na tano. Mwezi jana kumi na tano.
Naandika sifuri, badiliko hakuna.
Lakini zamani alikuosha kwa maji ya moto,
akakukanda shingo, akakuuliza mama anaendeleaje.
Sasa boila imekufa, naye ananyoa huku jicho liko kwenye simu.
Bei imekaa palepale kama mlango,
waliokuwa ndani wamehama usiku.
Fomu yauliza: ubora umebadilika? Ndiyo. Hapana.
Nampigia Tsiala, msimamizi wangu:
mkono shingoni ni lari ngapi?
"Weka hapana, Lamara. Tuna mitaa kumi na mmoja leo."

Kwenye mabafu ya Abanotubani, katika mvuke unaonuka yai viza,
Mzia msugua migongo amepandisha, ishirini hadi thelathini.
"Magoti yangu ndiyo yaliyopanda," anasema. "Andika hayo."
Naandika thelathini.
Safu ya sababu ina machaguo manne:
umeme, kodi ya pango, mishahara, mengineyo.
Magoti nimeyatia kwenye mengineyo.

Bi Eteri anafundisha piano, lari ishirini na tano kwa saa.
Saa yake ina dakika sabini kwa mtoto anayehangaika,
arobaini kwa mvivu.
Nimuulize saa hiyo ni ipi?
Huduma haikai kwenye mizani;
ukiinyanyua uipime, imeshatendeka,
imebaki harufu ya sabuni, ukosi ulionyooka,
wimbo uliokosewa palepale unapokosewa kila wiki.

Halafu Otar. Kibanda chini ya ngazi, soli za mpira,
lari nane, miaka sita hakuwahi kuniambia tisa.
Februari nikakuta kufuli, na picha yake imebandikwa kwa gundi ya viatu.
Mwongozo uko wazi, ukurasa wa arobaini na moja:
bei ikikosekana, beba ya mwezi uliopita.
Nikaibeba.
Basi mwezi mzima marehemu aliendelea kushona,
lari nane, bila kupandisha,
na ndani ya wastani wa nchi nzima
nyundo yake ilikuwa ikigonga.
Mwezi wa pili: tafuta mbadala mwenye sifa zinazofanana.
Nilimpata kijana mmoja karibu na soko. Ana mashine.
Kumi na mbili.

Jana jioni mtu mwenye tai amesoma kwenye televisheni:
huduma zimepanda kwa asilimia nne nukta mbili.
Sekunde tatu, kisha hali ya hewa.
Mama akaacha kumenya kitunguu saumu.
"Nne ya nini?"
Nikamwambia, ya vyote.
"Na Otar yumo?"
Nikasema alikuwemo.

Jengo letu la Gldani lina orofa tisa
na lifti inayokula sarafu.
Tetri ishirini kupanda; kushuka ni bure,
na ndicho kitu pekee ninachokijua kinachoshuka.
Mzee Vazha husimama mlangoni na mfuko wa viazi,
anajifanya anasoma matangazo,
anangoja mwenye sarafu.
Leo tuko naye, mimi, na mwanafunzi wa orofa ya saba.
Nimetumbukiza ishirini yangu. Waya zimelia.
Watu watatu, sarafu moja:
gawanya, utapata sita na kitu kwa kila kichwa.
Vazha amenipa kiazi kimoja, kikubwa, kina udongo.
Kishikwambi kimezimika.
Nimekitia kiazi kwenye mfuko wa koti
na sijui mwezi ujao nikiandike wapi.